Masaa Mawili ya Kumfukuza Mjerumani

Mwaka ule wa 1908 hakuna aliyejua mimi nile wapi. Maafisa wa meli walisema mimi si afisa. Mabaharia walisema mimi si baharia, maana sijawahi kushika kamba wala kudeki sitaha. Mwisho msimamizi wa chakula akaniweka meza moja na wapiga muziki, tena pembeni kabisa, mlangoni, ambapo kila mhudumu anayepita na supu alinigonga kisogo.

Meli yenyewe iliitwa Trevanion, ya abiria na barua, Liverpool kwenda New York. Mimi ni Wilfred Tangye wa Penzance. Nilikuwa nimepiga simu za waya posta ya kwetu kwa miaka sita, ndipo kampuni ya simu isiyo na waya ikanichukua, ikanifundisha mtambo wake wa kupiga herufi hewani, kwa nukta na mistari, miezi mitatu na kunipandisha melini. Nilikuwa mtu wa kampuni, si mtu wa meli. Kapteni hakuniajiri na hakuweza kunifukuza, na jambo hilo lilimkera kila alipokiona kibanda changu cha mbao nyuma ya bomba la moshi. Mabaharia waliniita Cheche, kwa sababu kila nilipobonyeza kitufe mtambo ulitoa cheche yenye mlio wa mjeledi, na abiria wa daraja la kwanza walikuwa wakishtuka vitini mwao.

Kampuni ilikuwa na kanuni nyingi, lakini moja ilichapwa kwa herufi nene: usizungumze na kituo cha kampuni pinzani. Wajerumani walikuwa na mitambo yao, sisi yetu, na mabwana wakubwa walikuwa wakipigania bahari nzima. Mpinzani akikuita, humjibu. Akizidi, unampigia alama ya nyamaza, herufi moja mara tatu, kwa nguvu zote za mtambo, mpaka sauti yake ifunikwe. Ruhusa ilikuwa moja tu, meli yake iwe inazama au inaungua.

Nisiseme uongo, niliipenda kanuni hiyo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mtu anayelishwa mlangoni hupata raha anapopata wa kumfokea.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei tuliingia kwenye ukungu wa kusini mwa Newfoundland. Saa mbili asubuhi nilikuwa na furushi la salamu za abiria, na nilikuwa nazirusha kwa mwenzangu wa kampuni, Plumley, wa meli Merioneth iliyokuwa mbele yetu kuelekea magharibi. Katikati ya salamu akaingia mtu. Cheche yake ilikuwa nyembamba, inalia kwa pua kama mbu.

"Meli yoyote, meli yoyote. Hapa Elsfleth."

Elsfleth ilikuwa meli ya mizigo ya Bremen. Niliijua kwenye orodha. Walikuwa wamefungiwa mtambo kwa majaribio, mtambo wa wapinzani. Nikampigia nyamaza. Akanyamaza. Nikaendelea na salamu za bibi mmoja aliyetaka chumba cha hoteli chenye dirisha la bustani.

Saa mbili na nusu akarudi. "Swali kwa meli yenye..." Sikumngoja amalize. Nyamaza. Saa tatu akarudi tena, nikamkatiza tena, safari hii nikashikilia kitufe kwa kukomoa. Plumley alikuwa mbali zaidi na hakumsikia kabisa Mjerumani, alinisikia mimi tu.

"Unampigia nani kelele, Tangye?" akaniuliza.

"Kuna mbu wa Bremen hapa. Namfukuza."

"Mpige kofi," akasema, na tukacheka, kila mmoja kwenye kibanda chake, maili mia moja za ukungu katikati yetu.

Saa tatu na nusu alikuja mara ya nne, nikamfukuza mara ya nne.

Saa nne mhudumu aliniletea chai na kipande cha mkate wa siagi. Niliposhika kikombe mkono mmoja na mkate mkono wa pili, Elsfleth akaita. Sikuwa na mkono wa kumfukuzia. Ndiyo sababu pekee, na sitaki mtu anisifu kwa lolote jingine. Akapata nafasi ya kumaliza sentensi yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Swali kwa meli yenye daktari. Mtu wetu amevunjika mguu chini ya goti. Mfupa umetoka nje. Damu nyingi. Tumefunga paja kwa mkanda tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hatuna daktari. Tufanye nini?"

Mkate ulinidondoka mapajani. Nilitazama saa ya ukutani. Mkanda ulikuwa umekaa masaa manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa yangu.

Nikaikumbuka kanuni. Meli haizami, haiungui. Mguu wa mtu mmoja si meli. Nilikaa na wazo hilo muda mfupi kuliko ninavyolisimulia, kisha nikabonyeza.

"Elsfleth, hapa Trevanion. Tuna daktari. Ngoja."

Jibu lilikuja papo hapo. "Nangoja."

Nilikimbia ngazini mpaka nikaumiza ugoko. Daktari Mossop alikuwa chumbani kwake na slipa miguuni, mtu mnene mwenye mashavu mekundu kutoka Cumberland, miaka ishirini melini akitibu kichefuchefu na vidole vilivyobanwa na milango. Nilipomweleza, alinitazama kana kwamba nimelewa.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Maili themanini kaskazini, Daktari. Kama tisini hivi."

"Sasa mimi nimtibu vipi mtu nisiyemwona, wewe Cheche? Nimpulizie dawa dirishani?"

"Utasema, mimi nitapiga. Watafanya wao."

"Nani wao?"

"Sijui. Yeyote aliye na mikono."

Akavaa koti juu ya fulana, akaacha slipa miguuni, tukapanda. Njiani tulimpita Kapteni Rudkin kwenye daraja la kuongozea meli, akiwa ameng'ang'ania ukungu kwa macho. Daktari akamweleza kwa maneno matano. Kapteni hakugeuza kichwa.

"Siwezi kwenda kwao. Hata nikigeuza sasa hivi, kwa mwendo wa ukungu, ni mchana kutwa. Mguu utangoja mpaka jioni?"

"Hautangoja," akasema Daktari.

"Basi. Na huo mtambo si wangu. Mwulizeni mwenye nao." Akanitupia jicho. "Kijana, unajua kampuni yako itakufanya nini?"

"Najua, Kapteni."

"Haya. Nenda."

Kibanda changu kilitosha mtu mmoja na nusu. Daktari alikuwa mtu mmoja na robo tatu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yake mgongoni kwangu, nikavaa visikilizio, tukaanza.

"Waulize mguu una rangi gani chini ya mfupa."

Nikauliza. Jibu likaja: "Mweupe. Bluu kwenye kucha."

"Waulize kama anahisi vidole."

"Hapana. Kidole gumba kidogo tu, kama ganzi."

"Waulize maumivu yako wapi zaidi, kwenye mfupa au kwenye mkanda?"

"Mkanda. Mfupa ulikuwa mbaya asubuhi. Sasa mkanda."

Daktari alikuwa akiandika kwenye kikaratasi na kunung'unika. Mimi nilibaki na kidole juu ya kitufe, nikihisi kuna kitu hakikai sawa. Majibu yalikuwa yanakuja upesi mno. Kibanda cha mtambo siku zote huwa juu, mbali na kelele, na mgonjwa hulazwa chini. Mtu anayetumwa kumwuliza mgonjwa kama anahisi vidole lazima ashuke, aulize, apande. Hapa hakuna aliyeshuka. Na mpigo wake, uliokuwa umenyooka saa mbili asubuhi, sasa ulikuwa unaburuta mwisho wa kila neno.

Nikapiga bila kumwuliza Daktari. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Hapa. Sakafuni."

"Mgonjwa ni nani?"

Hapo ndipo alipochelewa kwa mara ya kwanza.

"Mimi," akasema. "Harms, wa mtambo. Nyaya za juu zilikatika na upepo alfajiri, nikapanda mlingoti kuzifunga. Nilimaliza kufunga. Nilianguka wakati wa kushuka."

Nilivua kisikilizio sikio moja, nikamgeukia Daktari. "Ni yeye mwenyewe. Huyu ninayezungumza naye ndiye mwenye mguu."

Daktari Mossop akasema neno ambalo siwezi kuliandika, na aliyasema yale yaliyofuata polepole sana. "Sikiliza vizuri. Nataka mshipa wa damu utafutwe ndani ya kidonda, ufungwe kwa uzi, halafu mkanda ulegezwe. Ni kazi ya kisu. Mwambie anywe afyuni kwanza. Kila meli ya Ujerumani inayo kwenye sanduku la dawa, ni sheria yao."

Nikapiga. Jibu lilikuja. "Hatuna afyuni."

"Anadanganya," Daktari akasema. "Mwambie nasema anadanganya."

Nikamwambia. Ngurumo za hewani kwanza. Kisha: "Ipo. Nikiinywa nitalala. Hakuna mwingine humu anayejua kusikia. Onken, afisa wa kwanza, ndiye atakayekata; ameshona matanga maisha yake yote. Ataogopa, atauliza. Nani atamsikilizia?"

Nilimsomea Daktari. Alifuta miwani kwa ncha ya fulana yake, akairudisha puani, akaifuta tena.

"Tumpe maelezo yote kwa mkupuo," akasema. "Ayaandike, ampe huyo Onken, halafu anywe."

Harms alikubali sehemu ya kwanza tu. Nilimpigia maelezo yote, dakika ishirini nzima. Uzi wa hariri uchemshwe. Kisu kichemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na pombe kali. Kidonda kipanuliwe kwenda juu, si kwenda chini. Akayaandika yote, akanirudishia mistari miwili asiyokuwa na hakika nayo, kama tunavyofanya na simu yoyote ya biashara. Kuhusu afyuni alisema atainywa uzi ukishafungwa.

"Mtu mbishi huyu," Daktari akasema. "Angekuwa mgonjwa wangu ningemtia kofi."

"Ni mgonjwa wako."

"Basi mtie wewe."

Nilijua nimekwisha kumtia, mara nne.

Saa tano kasoro dakika chache wakaanza. Harms alituambia kila hatua. Walikuwa wamemwekea kitufe juu ya sanduku la biskuti karibu na mkono wake wa kulia. Onken alikuwa ameosha mikono. Onken alikuwa anamwomba msamaha kwa Kijerumani, na mpishi alikuwa amemshika mabega.

"Anakata," akapiga. Baada ya hapo herufi zikaanza kuja moja moja, kila moja peke yake.

Na hapo hapo, juu ya herufi zile, akaja Plumley na cheche yake nene ya kampuni yetu. "Tangye, salamu zako zimeishia wapi? Nina simu kumi na nne za abiria wako. Pokea."

Harms alizama kabisa chini yake. Sikusikia kitu. Nikabonyeza nyamaza kwa Plumley, herufi moja mara tatu, kwa nguvu zote.

Hakuna aliyewahi kumpigia mwenzake wa kampuni alama ile.

"Umerukwa na akili?"

"Kuna mtu anakatwa mguu. Nyamaza."

"Mtu gani?"

"Elsfleth."

"Unazungumza na Mjerumani? Tangye, nitaandika hili kwenye kitabu cha kampuni. Nitaliandika, nakwambia."

"Andika. Na ukigusa kitufe tena kabla sijakuruhusu, nikikukuta New York nitakutoa meno."

Hakugusa tena. Sifa hiyo nampa. Na aliandika kitabuni, hiyo pia ni kweli.

Harms alikuwa bado anaita. "Onken anauliza. Anaona mrija na uzi mweupe, vimekaa pamoja. Kipi afunge?"

Daktari alisimama, akagonga kichwa dari, akakaa. "Asiuguse mweupe! Mweupe ni mshipa wa fahamu. Alegeze mkanda kidogo sana, ule utakaorusha damu ndio afunge. Mweupe asiuguse, mwambie mara mbili."

Nikapiga mara mbili. Nikangoja. Nyuma yangu mlango ulifunguka na ukungu ukaingia pamoja na Kapteni Rudkin.

"Bibi wa daraja la kwanza anataka kujua kama chumba chake cha hoteli..." Akamwona Daktari na slipa zake. Akaniona mimi. "Vipi?"

Visikilizioni ulianza mlio mmoja mrefu. Haukuwa herufi, ulikuwa mlio tu, usiokatika. Nilihesabu sekunde tano, kumi, kumi na mbili. Nilielewa kabla ya kutaka kuelewa. Onken alikuwa ameugusa ule mweupe, na mkono wa Harms ulikuwa umejikunja juu ya kitufe na hauwezi kukiachia.

Kisha mlio ukakatika, na hakukuja kitu kingine.

"Elsfleth," nikaita. "Elsfleth. Harms."

Hakuna.

"Amekufa?" Kapteni akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Sijui."

Sauti ya hewani nayo ikaanza kufifia, nikadhani ni masikio yangu. Ilikuwa springi ya kisikilizio. Mtambo wetu wa kusikia uliendeshwa na springi ya kutia ufunguo, kama saa ya mezani, na tangu asubuhi nilikuwa nimesahau kuitia ufunguo. Mtambo ulikuwa unasimama. Nilikuwa na mkono mmoja kwenye kitufe na mwingine kwenye kalamu, na sikuthubutu kuachia hata kimoja.

"Ufunguo!" nikamfokea Kapteni wa meli. "Hapo kulia! Zungusha, usisimame!"

Kapteni Rudkin, aliyekuwa na miaka thelathini na mitano baharini, aliinama na kuanza kuzungusha. Sauti ikarudi. Na ndani yake, kwa mbali, kulikuwa na mtu anapiga.

Alikuwa anapiga vibaya mno. Nukta ndefu kama mistari, mistari mifupi kama nukta, na katikati ya herufi na herufi unaweza kumaliza kikombe cha chai. Kila kibanda cha mtambo kina jedwali la herufi ukutani kwa ajili ya kuonyesha wageni. Kuna mtu alikuwa amesimama mbele ya jedwali la Elsfleth, anatafuta kila herufi kwa kidole chenye damu.

Nikaandika herufi moja moja, Daktari akisoma juu ya bega langu. Amezimia. Nimefunga. Sasa nini.

"Onken," nikasema. "Ni Onken. Mshipa umefungwa."

"Alegeze mkanda!" Daktari akasema. "Sasa hivi. Lakini polepole, mara moja hapana, damu ikirudi yote kwa pamoja itamwua. Alegeze polepole!"

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Onken angeweza kupiga kwa kutazama jedwali. Kusikia ni jambo jingine. Mimi ilinichukua miezi kusikia, na sikuwa na mgonjwa miguuni wala damu mikononi. Nilimpigia herufi ya kwanza ya neno legeza, polepole kiasi kwamba ningekuwa darasani mwalimu angenitoa nje. Nikasimama. Nikangoja.

Hakujibu.

Nikaipiga tena. Na tena. Nilikuwa natokwa na jasho mpaka kalamu ikateleza. Mara ya sita akairudisha, hiyo hiyo, kwa mikono yake mizito. Alikuwa ameelewa mchezo: nikimpa moja, yeye anaitafuta ukutani na kunirudishia.

Ya pili akakosea. Nikairudia. Akakosea tena. Daktari alikuwa anatazama saa yake na kuuma mdomo. "Asije akadhani tumemwambia akaze," akanong'ona. "Ee Mungu, asikaze."

"Nyamazeni wote wawili," nikasema, ingawa Kapteni hakuwa amesema neno, alikuwa anazungusha tu.

Akaipata ya pili. Ya tatu aliipata mara moja. Ya nne tukahangaika nayo dakika tatu. Alipopata ya tano hakungoja ya sita, akapiga neno zima yeye mwenyewe, legeza, na mwisho akaweka alama ya swali.

"Ndiyo," nikapiga. "Ndiyo. Polepole." Hilo la polepole sidhani kama alilisikia. Lakini alikuwa ameshona matanga maisha yake yote, na namna alivyopiga zile herufi ilinionyesha hakuwa mtu wa haraka.

Tulikaa dakika kumi na moja. Ukungu uliingia mlangoni na hakuna aliyeufunga. Kisha zikaja herufi zake, moja moja, na nilipomaliza kuziunganisha nililia, mbele ya Kapteni, bila aibu. Damu hakuna. Anapumua. Nampa afyuni.

Daktari Mossop alinipiga begani mpaka kichwa kikanitikisika. "Cheche! Umemwokoa, wewe Cheche! Miaka ishirini sijafanya kazi kama hii!" Kapteni aliachia ufunguo, akatazama kiganja chake kilichotoka lengelenge, akasema jioni hiyo nitakula mezani kwake. Nilikula mezani kwake. Nyama ilikuwa nzuri na haikushuka.

Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa umetoka. Elsfleth alikuwa anaelekea Halifax na sisi New York, na sauti yake ilikuwa inakwisha. Aliita saa moja. Ilikuwa cheche ile nyembamba na mkono wake mwenyewe, dhaifu lakini umenyooka. Nikamwita Daktari.

"Mwulize vidole."

"Baridi," Harms akajibu. "Vyeusi, vitatu. Unyayo pia unaanza. Daktari aseme tu, nimekwisha kuuona."

Daktari alikaa kwenye ile ndoo. Safari hii hakuwa na slipa, alikuwa amevaa viatu na tai, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa kweli.

"Mwambie Halifax wataukata chini ya goti. Mwambie ataishi." Kisha akasema, si kwangu hasa, "Mshipa ulifungwa vizuri. Yule baharia alifanya kazi safi. Masaa matano na zaidi, hilo ndilo lililoua mguu. Wangeita saa mbili, hata saa tatu, ningekuambia unabaki. Kwa nini watu hawa walingoja mpaka saa nne, Cheche? Walikuwa na mtambo. Kwa nini hawakuita?"

Niligeukia kitufe. Ningeweza kumjibu Daktari, kibandani mle, na neno lingekufia pale pale. Lakini deni halikuwa lake. Nilijua Plumley anasikiliza, nilijua na kituo cha kampuni cha pwani kinasikiliza, na kalamu zao zina wino tayari. Nilipiga kwa nguvu zote za mtambo, ili imfikie.

"Harms. Mguu utakatwa Halifax. Utaishi. Jana uliita mara nne, tangu saa mbili, na kuna mtu alikufukuza. Ungesikilizwa mguu ungebaki. Mtu huyo ni mimi, Tangye wa Trevanion."

Cheche ilipokatika nilisikia injini ya meli yetu chini ya miguu, na Daktari nyuma yangu akiuliza, "Umemwambia nini? Umempigia maneno mengi, umemwambia nini?"

Nilidhani hatajibu. Ningekuwa mimi nisingejibu, au ningejibu tusi. Kisha akaja, mbali sana, ikabidi nizibe sikio jingine kwa kiganja.

"Najua ni wewe. Hewani hapakuwa na mwingine. Kila uliponifukuza nilijua bado upo. Ungenyamaza ningeacha kuita."

Baada ya hapo alikuwa nje ya masikio yangu.

"Anasemaje?" Daktari akauliza. "Cheche? Anasemaje?"

Nikampa karatasi asome mwenyewe. Kisha nikavuta kitabu cha kampuni, nikafungua ukurasa wa Jumanne uliokuwa bado mweupe, nikaanza kuandika kuanzia saa mbili asubuhi.